Ndege ya injini nne Manda miaka ya tisini, nani anaijua? Nyumbani nshaitwa muongo

KijanaWaMkomani

Salaam wadau. Naomba msaada wa wale wanaojua ndege kisawasawa, maana hapa nyumbani kuna ubishi tangu Idi na mi nimechoka kuitwa muongo mbele ya watoto wangu.

Iko hivi. Mwaka 1996 au 97 hivi, nna miaka saba, mama alimpeleka bibi Nairobi akatolewe mtoto wa jicho, mimi na kaka yangu tukabebwa kwa sababu hapakuwa na wa kutuachia. Tukavuka na mashua asubuhi kutoka Lamu mpaka Manda. Enzi hizo pale uwanjani hapakuwa na jengo la maana, ni banda la makuti, mabenchi, na mizani. Wakapima mizigo wakamaliza, kisha bibi naye akaambiwa apande juu ya mizani na kikapu chake. Bibi akamtazama yule kijana akamuuliza, "Kwani mimi simsim?" Watu wakacheka mpaka nahodha aliyetuvusha akashika tumbo. Akapanda lakini.

Sasa ndege yenyewe. Ninachokumbuka mimi ni injini NNE. Nilizihesabu nikiwa chini, mbili huku mbili kule, mabawa yako juu ya madirisha, na mkia mrefu wenye ubao umelala juu kabisa kama herufi T. Tukapanda kwa ngazi ya nyuma upande wa kushoto. Nilikaa dirishani, tulipopaa nikaona tairi likipanda juu likamezwa na injini, nikadhani limekatika nikaanza kulia. Na kingine, nakumbuka rubani nilikuwa namuona kabisa kutoka nilipokaa, mkono wake uko juu ya kichwa ameshika vijiti vya darini kama mtu aliyening'inia kwenye matatu.

Kaka yangu anasema hakuna ndege ya injini nne iliyowahi kutua Manda, eti ilikuwa kindege cha injini mbili cha watu kumi na kitu na mi nimechanganya na sinema. Yeye alikuwa na miaka kumi na moja kwa hiyo kila mtu anamuamini yeye. Jamani nani anaijua hii ndege? Au kweli niliota?

Propela_Malindi

Hukuota ndugu yangu. Injini nne, bawa juu, mkia wa T, uwanja mfupi, hiyo ni Dash 7, de Havilland Canada DHC-7, wala sihitaji kufikiria mara mbili. AirKenya walikuwa nazo pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Iliruka mara ya kwanza 1975 na wakaacha kuitengeneza 1988, zilitoka 113 tu dunia nzima kwa hiyo uliyoipanda ni kitu adimu, ungeniambia mimi nipande leo ningeuza pikipiki. Inabeba watu kama 50 na ilitengenezwa makusudi kwa viwanja vifupi, ndiyo maana hata uwanja wa London City ulipofunguliwa 1987 katikati ya majumba ya watu walianza na ndege hizo hizo, kwa sababu zinashuka kwa mteremko mkali na hazina kelele. Propela zake kubwa na zinazunguka polepole, ukiwa ndani unasikia mvumo tu kama feni ya msikitini.

Hilo la tairi kumezwa na injini ni kweli kabisa. Miguu ya Dash 7 inakunjwa ikaingia kwenye vifuko vya injini mbili za ndani, na bawa likiwa juu basi wewe uliye dirishani unaona mchezo wote. Mwambie kaka yako akuombe radhi na akununulie biriani.

Nyuki_748

Propela usimharakishe. Mkia wa T na bawa juu hata Buffalo anao, ile DHC-5 ya jeshi letu la anga, na ni kiwanda kile kile cha Canada kwa hiyo kwa mbali zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Buffalo nimeziona mara nyingi. Mtoto wa miaka saba kuhesabu mbili akapata nne ni kitu cha kawaida mi wangu anahesabu vidole vyangu anapata kumi na mbili.

Propela_Malindi

Sasa Nyuki wewe tangu lini jeshi linampima bibi wa watu kwenye mizani akatolewe mtoto wa jicho 😂 Buffalo ana mlango mkubwa chini ya mkia wa kuingizia mizigo, mwenzetu kasema ngazi ya nyuma kushoto. Huo ni mlango wa Dash 7.

Mama_Darubini

Samahani naingia kama mgeni, nafuatilia tu. Lakini kuna kitu hakinikai sawa kwenye maelezo ya Kijana. Rubani kushika vijiti vya darini. Nimefanya kazi ya tiketi miaka mingi nikipanda na kushuka hizi ndege, na najua ndege moja tu katika zile za abiria zilizokuwa zikija pwani ambayo vijiti vya kuongeza moto viko juu ya kichwa cha rubani. Twin Otter. Hiyo ni ya injini mbili, watu 19, na tairi zake HAZIKUNJWI, ziko nje muda wote kama miguu ya kuku. Dash 7 vijiti viko katikati ya marubani, chini, na kuna mlango baina yao na abiria.

Na mizani vilevile. Ndege ya watu 50 mara nyingi wanatumia makadirio ya uzito, hawahangaiki na bibi mmoja mmoja. Kupimwa mtu na kikapu chake ni mambo ya ndege ndogo, pale kila kilo inahesabiwa na rubani ndiye anayepanga nani akae mbele nani nyuma. Mpaka leo ukitoka Wilson na vindege hivi mzigo ni kilo 15, zaidi ya hapo unaanza kugawa nguo kwa wanaokusindikiza.

Kwa hiyo mwanangu nakuuliza kwa heshima. Tairi uliloliona likikunjwa na vijiti vya darini haviwezi kuwa ndege moja. Una hakika vyote ni safari moja?

KijanaWaMkomani

Duh. Mama hapo umenikata maini. Sijawahi kufikiria hivyo. Kichwani mwangu ni picha moja tu, bibi kwenye mizani, rubani, tairi, mikoko iko chini na kivuli cha ndege kinaruka juu ya maji. Lakini sasa ukiniuliza kivuli kilikuwa cha kwenda au cha kurudi sijui walahi. Nitampigia mama jioni, sasa hivi yuko Lamu kwenye harusi na simu haisikii.

FormosaBoy

Wakati tunamsubiri mama mi naomba niulize kitu cha pembeni. Nimehamia Malindi juzi, nna kamera na mtoto anayependa ndege kuliko shule. Nikae wapi nione zikitua? Nimeenda Jumapili iliyopita nikakaa upande wa kusini saa nzima, zote zikatua kutoka upande wa pili nikaona mikia tu.

Propela_Malindi

Hahaha karibu Malindi. Umesahau ni kusi hivi sasa.

Sikiliza, hapa wala huhitaji programu ya simu, muulize mvuvi. Ndege inatua ikitazama upepo kama vile jahazi linavyotafuta upepo, ila kinyume. Barabara ya ndege ya Malindi imeandikwa 17 upande mmoja na 35 upande wa pili, ongeza sifuri unapata digrii za dira, 170 ni karibu na kusini, 350 ni karibu na kaskazini. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi, upepo unatoka kusini kwa hiyo ndege inakuja kutoka upande wa Sabaki ikitazama Mombasa, wewe kaa kaskazini. Kaskazi ikiingia Disemba mpaka Machi mambo yanageuka, zinakuja kutoka upande wa Gede. Kaskazi lakini si rafiki mzuri sana, unatoka kaskazini mashariki kwa hiyo unapiga ubavuni, utaona Q400 ya Jambojet inakuja pua imetazama baharini na mwili unaenda kwingine, inatembea upande upande kama kaa, halafu sekunde za mwisho rubani anainyoosha na ile miguu mirefu inagusa mmoja kwanza. Hiyo ndiyo picha. Mi nina za namna hiyo kama mia mbili na mke wangu anasema zote ni moja.

Na usisimame karibu na ua na kamera kubwa bila kumuaga mtu. Mi nilishawahi kukamatwa uwanja mmoja huko bara, siutaji, nimekaa nje na kidaftari naandika namba za mkiani, 5Y hii 5Y ile, akaja askari akauliza naandika nini. Namwambia namba za ndege. Za nini? Za kuweka tu. Akanitazama weee, akaniuliza, "Wewe ni mtu wa insuransi?" Nilikaa kwenye kibanda chao saa tatu mpaka mkubwa wao akaja, akafungua daftari, akaanza kuniuliza ile ya mwanzo ni ndege gani, na hii je, mwisho akaniagizia chai. Lakini saa tatu ni saa tatu.

Ami_Nahodha

Asalaam aleikum wanangu. Mjukuu ndiye anayeniandikia hapa.

Mimi nimevusha watu wa ndege kutoka Lamu kwenda Manda tangu wakati wa ndege za lile shirika la East African Airways. Huyu kijana asionewe. Ile ya injini nne ilikuwako. Sisi mabaharia tulikuwa tunaipenda kwa sababu ikija moja mashua tano zinapata kazi, hizi ndogo zikija ni kugombaniana abiria kumi. Na haikuwa na ukelele. Za zamani zile za Fokker za injini mbili, zilikuwa zikipiga mluzi unaumiza meno, punda wa Mkomani wanainua masikio kabla hatujaiona. Hii ya nne unageuka unaikuta ishatua.

Wakati wa kusi zilikuwa zinakuja juu ya mikoko ya Mkanda, kaskazi zinakuja kwa upande wa baharini, watu wa Shela wanaziona mwanzo. Kijana akisema mikoko basi ilikuwa kusi, au ilikuwa ikiondoka kaskazi. Mimi ndivyo ningehesabu.

Nyuki_748

Shikamoo ami. Fokker ya mluzi ni F27 Friendship, injini za Rolls-Royce Dart, ule mluzi ukishausikia mara moja husahau. East African walikuwa nazo na ilipovunjika 1977 Kenya Airways wakaendelea nazo mpaka zilipokuja Fokker 50. Kutofautisha ni rahisi, F27 propela ina mapanga manne, Fokker 50 ina sita.

Na kwa kuwa umetaja East African, babangu mpaka leo ananisimulia jeti zao za Super VC10 pale uwanja wa Embakasi, Nairobi, walikuwa wakienda waving base, pale pa kupungia wasafiri mkono, Jumapili familia nzima wamevaa kama wanaenda harusini, kumbe hawamsindikizi mtu yeyote, wanaenda kuangalia ndege tu. Hiyo nayo ilikuwa injini nne lakini zote ziko mkiani. Anasema ikipaa chai inatetemeka kwenye kikombe. Na usajili wake ulikuwa wa nchi tatu, 5X-UVA ya Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT ya Tanzania, yaani shirika moja na mkiani wamegawana kama mirathi. Ile 5X-UVA ndiyo iliyoanguka Addis Ababa Aprili 1972.

MtotoWaNgomeni

Nyinyi endeleeni na propela zenu, sisi Ngomeni tulikuwa na roketi 😎

Si utani. Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini, San Marco, na setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka pale ilikuwa 1967, ya mwisho 1988. Tarehe 12 Disemba 1970 wakarusha moja ya Wamarekani, ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima na lilitoka hapa kwetu kwenye chumvi na kaa. Babu yangu alikuwa akivua, anasema siku za roketi waliambiwa wasitoke na ngalawa, wakakaa ufuoni wanangojea, na mwisho unaona mstari wa moto tu halafu sauti inakuja nyuma yake imechelewa kama mtu mzima anayetafuta viatu.

Kuna mzee mwingine alikuwa akisema Waitaliano mara ya kwanza walikuja Malindi na ndege za mabomu, 1940 wakati wa vita, mara ya pili na roketi, mara ya tatu na piza. Piza ndiyo iliyokaa.

FormosaBoy

😂😂 Propela asante, nimeenda leo upande wa kaskazini kama ulivyosema, mtoto kapata Q400 uso kwa uso na Caravan mbili. Kauliza kwa nini Caravan haikunji miguu. Nikamjibu kwa sababu haina haraka. Sijui kama nimemdanganya.

Mama_Darubini

Hujamdanganya sana. Kukunja miguu kunapunguza upepo wa kuivuta nyuma kwa hiyo ndege inakwenda kasi zaidi na kula mafuta kidogo, lakini mitambo ya kukunjia ni mizito na inataka fundi. Kindege kinachotua kwenye kokoto na majani kila siku bora kibaki na miguu nje, kitu kisichokuwepo hakiharibiki.

Kijana, mama yako je? Tunasubiri.

KijanaWaMkomani

Nimerudi. Kaeni vizuri.

Nimempigia mama jana usiku, kelele za vugo nyuma, nikamuuliza tu bila kumtia maneno mdomoni, "Mama ile safari ya macho ya bibi tulipanda ndege gani?" Akaniuliza, "Ipi, ya kwenda au ya kurudi?" Hapo hapo nikajua Mama_Darubini wewe si mtu wa kuchezewa.

Kwenda tulikwenda na kindege kidogo. Ndicho bibi alichopimiwa uzito. Mama anasema rubani aligeuka akatuuliza kama sote tuko sawa, na bibi akamwambia, "Wewe tazama mbele." Kwa hiyo vijiti vya darini ni vya kwenda, Twin Otter, injini mbili, kaka yuko sahihi hapo siwezi kumnyima haki yake.

Kurudi sasa. Siku kama kumi baadaye, bibi kafungwa jicho kitambaa cheupe, na ndege ilikuwa kubwa. Mama hajui injini ngapi hakuhesabu, lakini anakumbuka mambo mawili. Moja, mimi nililia tulipoondoka Wilson nikisema tairi limekatika, akanifunika uso na mtandio wake kwa aibu. La pili alimuuliza bibi kama anaogopa, bibi akasema hii haina kelele, hii inafaa kuswalia.

Ami, mikoko ilikuwa ya kurudi basi, tukitua, na kwa hesabu yako ilikuwa kusi. Nimemuuliza mama mwezi, akasema ni baada ya mvua kubwa, embe zilikuwa hakuna sokoni. Hesabu yako imekaa.

Sasa kaka. Nikamuuliza mama, mbona kaka haikumbuki kabisa hiyo kubwa? Mama akacheka mpaka simu ikaanguka. Kaka alilala. Alipokaa tu kwenye kiti akalala, akaruka Nairobi mpaka Manda amelala, wakati wa kutua amelala, na ami mmoja wa mashua ndiye aliyembeba begani mpaka gatini. Alipofumbua macho alikuwa tayari anavushwa Lamu.

Propela_Malindi

Nilisema haina kelele!!! 🤣🤣

Ami_Nahodha

Kijana mzito yule? Miaka kumi na moja kubebwa? Basi huenda ni mimi.

KijanaWaMkomani

Ami walahi mama anasema aliyembeba alikuwa na kofia nyekundu.

Ami_Nahodha

Mjukuu anacheka hapa. Kofia nyekundu alikuwa Bwana Ahmadi, Mungu amrehemu. Mimi nilibeba kikapu cha bibi. Kilikuwa kizito kuliko mtoto.

KijanaWaMkomani

Nimemtumia kaka uzi huu wote. Ameusoma, alama mbili za buluu ninaziona. Jibu lake ni hili, nanakili kama lilivyo: "Sawa. Lakini kwenye ile ndogo dirishani nilikaa mimi."